Bhoke na Litungu la Baba Mkubwa

Kabla Mwalimu Emanuel hajahamia mjini, Bhoke Werema hakuwa na mtu wa kumwonea wivu. Katika kwaya ya parokia yao pale Tarime mtunzi alikuwa mmoja tu, naye ni yeye. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, fundi cherehani kwenye kibanda cha shangazi yake mtaa wa Nyamisangura, na nyimbo zake alizitungia hapo hapo, mguu ukiwa kwenye pedeli. Wateja walimzoea. Mtu angeleta sketi ya shule ipunguzwe kiuno, akamkuta amesimamisha cherehani, macho yako ukutani na midomo inacheza, akajua hapo ni kusubiri mpaka mstari ukamilike.

Muziki alikuwa ameuokota huku na huku. Solfa, ule uimbaji wa do-re-mi, alifundishwa na Mama Agustina, kiongozi wa kwaya, muuguzi mstaafu ambaye angeweza kumnyooshea kidole mtu mmoja katikati ya kwaya nzima na kumwambia ameshuka nusu sauti. Magitaa ya benga aliyasikia kwenye redio za upande wa pili wa mpaka, maana Sirari si mbali, na kwenye hayo magitaa alichukua ule mtindo wa sauti moja kukimbia mbele na nyingine kuifukuzia. Lakini mwanzo wa yote ulikuwa nyumbani kwao Nyamwaga, kwenye litungu la baba yake mkubwa, Mzee Kisyeri.

Litungu hilo lilikuwa na nyuzi nane, na boksi la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Uzi wake mnene ukiguswa, mvumo haukuishia masikioni. Ulipita kwenye benchi ulilokalia ukapanda mgongoni. Mzee Kisyeri aliitwa kulipiga kwenye harusi hadi vijiji vya mbali, na siku ambazo hakuitwa alilipiga nyumbani jioni, ng'ombe wakishaingia zizini. Bhoke akiwa mtoto alikaa nje ya duara la wanaume akimenya ndizi, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, alizipiga zile nyuzi kwa mdomo. Alijua kila uzi ulikuwa unasema nini. Siku moja, wanaume wametoka, aliingia ndani akaligusa. Baba mkubwa alimkuta. Hakumpiga. Alimwondoa mkono taratibu, kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu, akamwambia kuwa katika nyumba ile litungu halishikwi na mtoto wa kike. Kisha akalitundika juu zaidi. Bhoke hakuligusa tena.

Emanuel alikuja kufundisha shule ya msingi mjini, akitokea Nata, wilaya ya Serengeti. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye vidole vya mpiga kinanda. Jumapili yake ya kwanza kwenye kwaya waliimba "Tumeleta Mbegu", wimbo wa matoleo ambao Bhoke alikuwa ameutunga mwaka uliotangulia. Ibada ilipokwisha, mgeni alimfuata chini ya ngazi za kanisa.

"Dada Bhoke, pale kwenye alto kuna chombo kimejificha. Ni chombo gani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Watu walisema wimbo ni mzuri, wakaishia hapo. Bhoke alifurahi hata akasahau kujivunga. Alimweleza habari za litungu, akamwimbia uzi kwa uzi, na Jumamosi iliyofuata akampeleka mwenyewe Nyamwaga akamsikie baba mkubwa. Baadaye alikuja kujilaumu kwa safari ile kuliko kwa jambo lolote lililofuata.

Mzee Kisyeri aliwapokea vizuri, akapiga nyimbo kadhaa, kisha Bhoke akaenda jikoni kuwasaidia wake wa kaka zake kutayarisha chai. Aliporudi na sinia alisimama mlangoni. Emanuel alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba mkubwa, litungu likiwa mapajani mwake, na mzee amemwinamia, anampanga vidole.

"Tanua mguu, mura," mzee alikuwa anasema, akimwita kijana kwa Kikurya. "Usiupige. Uvute, uuachie wenyewe."

Uzi mnene ukavuma. Emanuel akacheka kama mtoto. Bhoke alisimama pale na sinia lake, chai ikipoa. Mtu huyu hakuwa Mkurya. Hakuwa wa ukoo wao wala wa kijiji chao, na jina la babu yao hakulijua. Alikuwa amefika saa ileile. Kilichomwezesha kukaa kwenye kigoda kile ni kwamba alizaliwa mwanamume, basi. Bhoke aliweka sinia mezani, akawakaribisha chai, akatabasamu.

Tangu siku hiyo Emanuel alikuwa Nyamwaga kila Jumamosi. Alibeba sukari, alishika jembe shambani akikuta watu wanalima, na mzee akampenda. Bhoke alikuwa akizipata habari zake kwa shangazi, aliyezipata kwa watu waliokuja mnadani: kwamba mwalimu sasa anajua wimbo wa kumsifia ng'ombe aliyepotea akarudi, kwamba mzee amemruhusu apige mbele ya wageni. Bhoke alisikiliza huku akikata nyuzi kwa meno. Usiku alizipiga nyuzi za litungu kwa mdomo ndani ya shuka, akijiambia kuwa huyu atajifunza miaka kumi na bado hatazijua kama yeye anavyozijua. Kisha akajiuliza ni nani atakayekuja kuipima hiyo tofauti.

Mambo yakawa mabaya zaidi Emanuel alipoleta wimbo. Parokia ilikuwa inajiandaa kwa jubilei, na kila mmoja kwenye kwaya alijua kwamba wimbo mkubwa wa siku ile utatoka kwa Bhoke. Yeye mwenyewe alishauandaa. Emanuel akaja na wimbo alioupa jina "Ardhi Imeitika", akaomba tu Mama Agustina ausikie. Siku hiyo alikuja na litungu lenyewe, alilokuwa ameazimwa. Alipiga utangulizi, besi wakaingia chini ya ule uzi mnene. Mama Agustina alivua miwani. Bhoke alimfahamu vizuri. Kwa wimbo wake yeye miwani ile haikuwahi kuvuliwa.

Wimbo wa Emanuel ukawekwa mahali pa heshima, baada ya komunyo. Wa Bhoke ukapelekwa kwenye maandamano ya kuingia, wakati watu bado wanatafuta viti.

Bhoke alianza kuutafutia kasoro wimbo ule kama mtu anayetafuta chawa kwenye shati. Aliona kwamba ubeti wa tatu unarudia wa kwanza, kwamba tenor wamepandishwa mno. Kasoro zilikuwepo, ni kweli, na hazikumsaidia kitu, kwa sababu wimbo wenyewe ulikuwa mzuri. Kibaya zaidi ulimwingia. Alijikuta akiuvumisha kwenye cherehani, na mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake akamwambia, "Huu ndio mzuri kuliko zako zote." Bhoke alimpa gauni bila kulipiga pasi.

Wiki hiyo hiyo alikwenda Nyamwaga peke yake. Baba mkubwa alikuwa anakagua miguu ya ndama. Bhoke alimwamkia shikamoo, akamshikia ndama, wakazungumza habari za mvua. Halafu, kwa sauti ya mtu anayesikitika, akamwambia kwamba yule mwalimu anawaambia watu mjini kuwa nyimbo anazopiga amezitunga yeye. Kwamba jina la Mzee Kisyeri halitaji popote. Akaongeza kuwa hakutaka kulisema, ila ameona ni vibaya mzee achekwe nyuma ya mgongo.

Yote yalikuwa uongo. Emanuel alikuwa akimtaja mzee hata pale ambapo haikuhitajika. Lakini Bhoke alijua pa kuuchomeka uongo wake. Mzee Kisyeri hakujali vitu, alijali jina. Alimwachia ndama, akanawa mikono, akaingia ndani.

Jumamosi iliyofuata alimtuma mtu mjini kuchukua litungu lake. Emanuel alipokwenda Nyamwaga kuuliza, aliambiwa mzee ana shughuli. Alikwenda tena, akaambiwa vilevile. Alirudi mjini amenyong'onyea, hajui kosa lake, na Bhoke alipomwona anaingia mazoezini mikono mitupu alihisi raha iliyomtisha kidogo. Raha hiyo haikudumu mazoezi yote. Waliujaribu wimbo kwa kinanda, na kinanda kikaufanya kuwa wimbo wa kawaida. Watu walitazamana. Mama Agustina alisema jubilei imekaribia na labda watafute wimbo mwingine.

Hapo ndipo Emanuel alipomgeukia Bhoke mbele ya wote.

"Dada, wewe unazo zile nyuzi mdomoni," alisema. "Nisaidie. Bila wewe wimbo huu umekufa."

Bhoke alitamani ardhi ipasuke. Mtu ambaye yeye amemfukia ndiye anayemwomba amfukue, na anamwita dada. Angeweza kukataa. Angesema hajui, ana kazi nyingi za sare za shule, na wimbo wa Emanuel ungezikwa na wake ungerudi mahali pake. Alifungua mdomo akijua kabisa kwamba hilo ndilo atakalosema. Lakini tayari alikuwa anasikia jinsi itakavyokuwa: alto wawili kwenye uzi wa juu, mmoja akianza kabla mwenzake hajamaliza, soprano wa chini wakidonoa katikati, na kwa ule uzi mnene, wale akina mama wenye sauti nzito, Waisiko na wenzake, ambao kila mwaka walilalamika kwamba kwenye nyimbo hawana kazi. Wivu haukuondoka. Ulisogea pembeni tu kuipisha kazi.

"Nipeni akina mama peke yao," alisema.

Aliwafundisha kwa siku nyingi, kibandani kwa shangazi, wengine wamekalia marobota ya vitambaa. Kazi ngumu ilikuwa ule mvumo. Waliimba "mmm" ikatoka kama wimbo wa kumbembeleza mtoto, waliimba "zzz" ikatoka kama nyuki. Bhoke alihangaika mpaka alipogundua kwamba midomo isifungwe wala isiachane. Iguse tu, ilegee, pumzi itoke taratibu itetemeshe ngozi. Waisiko alipoipata alishtuka akajishika midomo, wote wakacheka. Mvumo ulipanda kwenye mabati ya kibanda. Mpita njia alichungulia kuona ni mashine gani inawashwa.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa hadi nje. Wanawake walipoanza kuvuma, watu waligeuza shingo kutafuta chombo, hawakukiona, na wazee waliotoka vijijini wakaanza kutikisa vichwa kwa namna ile ile wanayotikisa litungu likipigwa. Ilikuwa bora kuliko litungu. Bhoke alilijua hilo akiwa amesimama katikati ya alto. Kisha mwenyekiti wa kamati akashika kipaza sauti, akamshukuru mtunzi, Mwalimu Emanuel, makofi yakalia kwa muda mrefu. Emanuel alinyoosha mkono kumwonyesha Bhoke, akasema jina lake, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshaondolewa. Watu walidhani anawapungia.

Mzee Kisyeri alikuwepo, kwenye viti vya wazee. Alimsubiri Bhoke nje, upande wa magari. Alimwuliza ni nani amewafundisha wale wanawake nyuzi zake, na Bhoke akajibu ni yeye. Kisha mzee akasema jambo lililomvunja nguvu: ameambiwa na wanakwaya kwamba yule kijana, kwenye mazoezi ya asubuhi, alisimama akawaambia watu wote kwamba nyuzi za wimbo ule amefundishwa Nyamwaga na mzee anayeitwa Kisyeri. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa yule ambaye Bhoke alimletea habari zake.

Bhoke hakutafuta maneno ya kujitetea. Alisema alidanganya. Alisema ni kwa sababu ya kigoda kile, na litungu lile, na mikono ya mzee ikimpanga vidole mtu wa kuja.

"Kwa nini hukuniomba?" mzee akauliza.

"Ningekuomba, tata, ungenipa?"

Mzee Kisyeri alilifikiria swali lile kwa haki. Aliwatazama watu waliokuwa wanatoka kanisani, akaitazama fimbo yake.

"Nisingekupa," akasema.

Na hakusema pole, wala hakusema sasa ningekupa. Alisema tu kwamba aje nyumbani kesho yake alichukue litungu, ampelekee mwalimu kwa mikono yake mwenyewe, amweleze kilichotokea.

Ndivyo Bhoke alivyolishika litungu kwa mara ya kwanza tangu utoto. Alilifunga kwenye kitenge, akalipakata pikipiki ikiteremka barabara ya vumbi. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Mbele kidogo ya migomba ya mwisho alimwomba dereva asimame, akasema anataka kupumzika. Alikaa kwenye ukingo wa shamba, akalifungua, akalilaza mapajani, akatanua mguu kama alivyosikia Emanuel akiambiwa, akavuta uzi mnene.

Ulivuma, lakini vibaya. Alijaribu zile nyingine, vidole vikagongana. Kila alichokijua mdomoni hakikuwepo mikononi; mikono ilikuwa mijinga kabisa, mikono ya mtu mwingine. Alijaribu tena na tena mpaka dereva akamwambia, kwa upole, kwamba yeye mwenyewe ana mama anayemsubiri sokoni. Bhoke alilifunga kwenye kitenge huku machozi yakimtoka kwa hasira. Muda wote ule alikuwa akidhani kinachomtenga na litungu ni neno la mzee tu. Sasa aliona kuna miaka pia, miaka ambayo vidole vyake vingekuwa vinajifunza, na hiyo hakuna wa kumrudishia.

Emanuel alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake, litungu likiwa kati yao. Hakupandisha sauti. Alipokwisha kusikia alilichukua, akalikagua kama limepata ufa, akasema asante kwa kulileta salama, akafunga mlango. Kwa miezi mingi alimwita kwa jina zima, Bhoke Werema, kama anavyoitwa mwanafunzi darasani. Hakumwita dada. Kwenye kwaya walizungumza mambo ya nota tu. Bhoke aliona amestahili hivyo, na wivu wake, badala ya kuona aibu ukajificha, ulikaa palepale. Emanuel alirudi Nyamwaga, akazidi kuwa hodari, akaanza kuitwa harusini.

Ila Bhoke sasa alikuwa na kitu. Aliacha kabisa kulitafuta litungu. Aliwachukua wale akina mama akawa anawatungia wao. Alitunga "Mama Amerudi Shambani", wimbo wote wa sauti za wanawake tupu, hakuna chombo wala mwanamume. Ndani yake kulikuwa na nyuzi nane za baba mkubwa, kulikuwa na gitaa la Sirari linalofukuzwa na mwenzake, na chini kabisa, kwa wanaojua kusikiliza, mguu wa cherehani. Alipokuwa anautunga alimfikiria Emanuel kila siku. Kila mstari alijiuliza kama yeye angeuweza. Ule alioona kwamba Emanuel angeuweza, aliufuta. Mama Agustina alipousikia mara ya kwanza alivua miwani, akaipangusa, akasahau kuivaa. Parokia ya Nyanungu iliwaalika, kisha parokia nyingine, na watu wakaanza kuwaita wanawake wa Bhoke.

Mwaka wa pili mwaliko ulitoka Serengeti, Nata, kwenye kanisa la nyumbani kwa kina Emanuel. Yeye alisafiri nao kama mwenyeji. Wanawake walisimama nusu duara kwenye uwanja wa kanisa, Waisiko akaanza mvumo, na ulipofika ubeti wa pili mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa mstari wa mbele aliinuka akaanza kucheza, mabega yakitikisika, khanga imemwanguka hana habari. Watu walimshangilia. Bhoke aliuliza ni nani, akaambiwa ndiye Verdiana, mama yake Mwalimu Emanuel.

Alimtafuta Emanuel kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, anapiga makofi kwa kuchelewa, mdomo unacheka na macho hayacheki. Hakuwa anamtazama mama yake. Alikuwa anawatazama wale wanawake midomo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayejaribu kuona mlango ulipo.

Walipomaliza kula alimjia. Alizunguka kwenye maneno: safari ilikuwaje, vumbi limewasumbua, mama amefurahi sana. Akasema mama yake hajawahi kuinuka kwa wimbo wake hata mmoja, akacheka kidogo. Halafu akauliza, akiangalia pembeni, ule mvumo wa chini unapatikanaje. Amejaribu na watoto wa shule ikashindikana.

"Nifundishe, dada Bhoke," akasema.

Bhoke alimtazama vizuri. Ile rangi ya uso aliifahamu, na kule kumeza mate, na ile sauti inayolazimishwa iwe nyepesi. Alikuwa amekaa nayo mwenyewe kwa muda mrefu. Angeweza kumweleza kwa sentensi moja: midomo iguse tu, ilegee. Alikumbuka kwamba huyu ni mtu ambaye yeye alimtendea uovu, na kwamba neno dada limemtoka leo baada ya miezi mingi, na alijua jibu ambalo Mama Agustina angetaka alitoe.

"Tutaona, mwalimu," alijibu. "Nitafikiria."

Gari lao liliondoka Nata jua likiwa bado juu. Akina mama waliimba njia nzima, na Bhoke alikaa dirishani akiangalia ng'ombe wa watu, akiwa na furaha ambayo hakuona sababu ya kuipeleka kwenye kitubio.